Mizani mbili, namba moja: hadithi ya ttyUSB0 kutoka Kitale hadi Bungoma

Ndugu msomaji, leo tuzungumze juu ya ttyUSB0. Usikimbie! Najua jina lenyewe halivutii, linafanana na namba ya fomu ya serikali. Lakini jina hili lilikaribia kumfukuzisha mtu kazi huku kwetu Kitale, na kwa kuwa wawili watatu mmeshaniuliza kwa simu kilichotokea, nimeona heri niandike yote mahali pamoja.

Kwa asiyejua: ukichomeka kwenye kompyuta ya Linux kifaa cha USB kinachozungumza lugha ya zamani ya seriali, mathalani modemu, mizani ya kidijitali au mashine ya kupima unyevu wa mahindi, keneli hukipa kifaa hicho jina ndani ya folda ya /dev. Cha kwanza kitaitwa ttyUSB0, cha pili ttyUSB1, na kuendelea. Programu yako hufungua jina hilo kama inavyofungua faili lolote, kisha inasoma kinachotoka. Hapo hakuna uchawi. Swali ni moja tu: cha kwanza kwa maana gani?

Sasa sikiliza kisa. Kuna kikundi cha wafugaji, sitakitaja jina, chenye kituo cha kukusanyia maziwa nje kidogo ya Kitale na kingine upande wa Bungoma. Asubuhi watu hupanga foleni mbili na mitungi yao. Kila foleni ina mizani yake na karani wake. Mizani zote mbili zimeunganishwa kwa waya na kompyuta ndogo aina ya Raspberry Pi iliyofungiwa ndani ya kisanduku chini ya meza, na kila karani ana simu inayofungua ukurasa wa mizani yake kupitia Wi-Fi ya pale pale. Karani anaandika namba ya mwanachama, anabonyeza "Pima", kilo zinaingia kwenye daftari la kompyuta, mwanachama anatumiwa SMS. Mwisho wa mwezi analipwa kwa M-Pesa kulingana na kilo hizo. Mpango mzuri kabisa. Aliyeutengeneza alikuwa fundi mwingine kabla yangu, kijana mwenye bidii, ambaye sasa yuko ng'ambo.

Siku moja mzee mmoja ambaye ng'ombe wake hutoa kilo 30 hivi kila asubuhi alipata SMS ya kilo 6. Alirudi pale akiwa amewaka moto. Mama mmoja wa foleni ya pili, ambaye hujaza kilo 6 au 7, alikuwa amepata kilo 31. Yeye hakulalamika, binadamu ni binadamu. Malalamiko yalitulia siku mbili, yakarudi, yakatulia, yakarudi tena. Siku tatu kwa jumla ndani ya mwezi mmoja. Kamati ikakaa, na kama ilivyo kawaida yetu, kabla ya kukagua mashine ikakagua watu. Karani wa foleni ya kwanza, binti wa pale pale kijijini, akaambiwa akae nyumbani mpaka uchunguzi ukamilike. Dhana ilikuwa kwamba anahamisha kilo za watu kwenda kwa jamaa zake wa foleni ya pili.

Mwenyekiti aliponiita hakuzunguka. Aliniambia, "Fundi, sisi si watu wa kompyuta. Tuambie tu kama huyu binti ameiba ama hajaiba."

Nilianza na hesabu, si na waya. Lori linalobeba maziwa lina kipimo chake, na karatasi za kila siku zipo. Nikajumlisha kilo za mizani zote mbili kwa zile siku tatu, nikalinganisha na karatasi za lori. Zinalingana, ukiacha ile tofauti ndogo ya kila siku. Kwa hiyo hakuna maziwa yaliyopotea. Lakini mwenyekiti si mjinga, akanikumbusha kwamba kuhamisha kilo kutoka kwa Juma kwenda kwa Asha hakubadilishi jumla. Kweli kabisa.

Ndipo nikatazama daftari lenyewe, mstari kwa mstari. Siku hizo tatu hakukuwa na mtu mmoja au wawili waliohamishiwa kilo. Foleni zote mbili ziliharibika, tangu mtu wa kwanza hadi wa mwisho. Mama mzazi wa karani mwenyewe ni mwanachama, naye alipoteza kilo 4. Mwizi gani anamwibia mama yake ili ampe mtu asiyemjua?

Kisha nikafungua logi ya keneli. Siku za kawaida inasema kwamba adapta iliyo kwenye tundu la 1-1.2 imepewa jina la ttyUSB0, na ile ya 1-1.4 imepewa ttyUSB1. Siku zile tatu inasema hivi:

usb 1-1.4: ch341-uart converter now attached to ttyUSB0
usb 1-1.2: ch341-uart converter now attached to ttyUSB1

Mnaona? Majina yamebadilishana! Stima ilikuwa imepotea usiku, ikarudi alfajiri, Pi ikawaka. Adapta ya tundu la 1-1.2 ina waya uliolegea kidogo, ikashindwa kuitika kwa mara ya kwanza. Keneli haikumsubiri, ikampa ya pili namba sifuri. Adapta ya kwanza ilipozinduka sekunde chache baadaye ikakuta imebaki namba moja. Na ndani ya programu fundi yule alikuwa ameandika kwa mkono wake: mizani ya kwanza ni /dev/ttyUSB0, mizani ya pili ni /dev/ttyUSB1. Basi, siku nzima karani wa kwanza alikuwa anabonyeza "Pima" na kupewa uzito wa mtungi uliopo meza ya jirani yake.

(Kwa wale wa kufuatilia sana: Pi ya toleo lile haina betri ya saa, kwa hiyo saa za kwenye logi baada ya stima kurudi zilikuwa za uongo mpaka intaneti ilipopatikana. Lakini daftari la programu linatumia saa hiyo hiyo ya uongo, kwa hiyo mpangilio ulilingana. Uongo wa pamoja nao una faida zake.)

Karani alirudi kazini Jumatatu iliyofuata. Kwa zile siku tatu kamati iliamua kila mwanachama alipwe wastani wa wiki mbili za nyuma, na yule mama wa kilo 31 alikubali bila maneno mengi.

Nilipowaeleza wanakamati, sikutaja keneli. Niliwauliza: ukitaka kumtumia shemeji yako mzigo Bungoma kwa matatu, unamwambiaje? Je, unamwambia "mzigo umo kwenye gari la pili"? Wakacheka. Hakuna anayefanya hivyo. Gari la pili kwenye foleni ya steji ya Kitale leo asubuhi linaweza kuwa la kwanza kuondoka, likawa la nne kufika, na kesho likawa halipo kabisa. Unampa namba ya pleti na simu ya dereva. Pleti imegongelewa kwenye gari, inaenda nalo Kiminini, Kamukuywa, Webuye, mpaka kule. Namba ya foleni ni ya manamba, ni ya asubuhi ile tu. ttyUSB0 ni namba ya foleni. Fundi aliisoma akadhani ni pleti.

Na simlaumu sana, maana zamani kwenye Unix ilikuwa pleti kweli. Hapa nisamehe, nitaenda kidogo kwenye historia, ndiyo sehemu ninayoipenda.

Ndani ya keneli jina kama ttyUSB0 si kitu, kitu ni namba mbili. Ya kwanza ni namba kuu, inayosema ni draiva gani inahusika. Ya pili ni namba ndogo, inayoiambia draiva hiyo ni kifaa kipi kati ya vyake. Fungua kompyuta yako ya Linux uandike ls -l /dev/null. Mahali ambapo faili la kawaida huonyesha ukubwa wake utaona 1, 3. Hiyo ni namba kuu 1, namba ndogo 3, na iko hivyo kwenye kila Linux duniani, iwe Kitale, iwe Tokyo. Kwa miaka mingi kulikuwa na orodha moja ya namba hizi iliyotunzwa na H. Peter Anvin, na ukiandika draiva mpya ulimwomba akugawie namba kuu yako. Diski za SCSI zilipewa 8. Seriali za USB zilipewa 188, na ndiyo hiyo mpaka leo.

Utaratibu huo ulifaa wakati vifaa ni vichache na vimefungwa kwa skrubu. Seriali ya kwanza ilikuwa tundu fulani nyuma ya kompyuta, halihami. Lakini hesabu ilikuwa finyu: biti 8 kwa namba kuu na biti 8 kwa namba ndogo, yaani 256 kwa 256. Kila diski ya SCSI ilichukua namba ndogo 16 kwa ajili ya vipande vyake, kwa hiyo namba kuu moja ilitosha diski 16 tu, basi. Mwaka 2001 Linus Torvalds akaomba ugawaji wa namba mpya usimamishwe. Alitaka watu watafute njia nyingine badala ya kuendelea kukata mashamba madogo madogo.

Njia zilizojaribiwa ni mbili. Ya kwanza ni devfs ya Richard Gooch, iliyokuja na keneli ya 2.4 mwanzoni mwa 2001: keneli yenyewe itengeneze majina ndani ya /dev. Wengi waliigombania, na ikaondolewa kabisa mwaka 2006. Ya pili ni udev, iliyoanzishwa na Greg Kroah-Hartman mwaka 2003. Wazo la udev ni kwamba keneli itoe namba yoyote iliyo tupu na kutangaza, "kifaa kimefika, sifa zake ni hizi na hizi", halafu programu iliyo nje ya keneli isome sifa hizo na kuamua jina kwa kanuni alizoandika mwenye kompyuta. Keneli ya 2.6, iliyotoka Desemba 2003, ikapanua namba kuu hadi biti 12 na namba ndogo hadi biti 20, yaani zaidi ya milioni moja. Uhaba ukaisha.

Lakini angalia kilichotokea hapo. Namba kuu 188 ni imara, ile ni ya draiva. Namba ndogo ndiyo iliyobaki kuwa ya foleni: draiva inatoa ya chini kabisa isiyo na mtu. Na wala haiwezi kufanya vinginevyo! Draiva itajuaje kwamba adapta hii ni ile ya jana? Hapo ndipo nabishana na marafiki zangu wanaosema keneli ingekumbuka. Windows hujaribu kukumbuka, na matokeo yake wengi mmeyaona: adapta isiyo na namba ya kiwandani, ukiihamisha kutoka tundu hili kwenda lile, inapewa COM mpya, mwisho unajikuta na COM23 kwenye kompyuta yenye kifaa kimoja. Mimi naona waliofanya udev walifikiri vizuri. Anayejua kwamba mizani hii ni ya foleni ya kwanza ni sisi, si keneli. Ubaya wake ni kwamba kazi imeachiwa sisi, na hakuna anayetuambia kwamba tumeachiwa.

Waliokuwa wakicheza na SMS enzi zile za kati ya 2008 na 2010 watakumbuka. Modemu za USB zilipoenea Kenya, ukichomeka Huawei E220 moja, kwanza inajidai ni CD-ROM, kisha inajigeuza na kukupa ttyUSB zaidi ya moja. Ukiwa na mbili, za mitandao miwili tofauti, na Kannel inasubiri kutuma ujumbe, ilikuwa bahati nasibu. SMS inatoka kwa laini ya kampuni hii, salio linakatwa kwenye ile. Ni ugonjwa ule ule.

Haya, dawa. Kuna aina mbili, na nilitumia moja Kitale na nyingine Bungoma, kwa sababu.

Aina ya kwanza ni kutumia alama ambayo kifaa kinatembea nayo. Adapta zenye chipu ya FTDI kwa kawaida huwa na namba ya kiwandani ndani yake, tofauti kwa kila moja, na Linux huitumia kutengeneza jina ndani ya /dev/serial/by-id bila wewe kufanya lolote. Hiyo ndiyo pleti. Adapta za pale kituoni zilikuwa na chipu ya CH340, ile ya bei rahisi, na hizo hazina namba ya kiwandani. Ziko pacha kabisa. Ukizitazama ndani ya by-id utaona jina moja tu, kwa sababu majina yanagongana na moja linamfunika mwenzake. Kwa hiyo Kitale, ambako mimi nipo na naweza kufika kwa bodaboda, tulinunua adapta mbili za FTDI, nikaandika kanuni inayosema adapta yenye namba hii iitwe mizani1, na yenye namba ile iitwe mizani2. Sasa hata ukizichomeka gizani, popote, zinajitambulisha zenyewe.

Bungoma ni hadithi tofauti. Nilipofika pale (mulembe nyingi, chai nyingi, mvua nyingi) niliwauliza makarani: adapta ikifa, mnafanyaje? Wakasema kijana anatumwa mjini, ananunua nyingine, wanachomeka, kazi inaendelea. Sasa fikiria. Kama nimefunga kila kitu kwa namba ya kiwandani, siku adapta itakapokufa ile mpya haitajulikana, na mtu atanipigia saa kumi na moja alfajiri huku foleni imesimama na maziwa yanaanza kuchacha. Pale nilitumia aina ya pili, yaani kutambua tundu badala ya kifaa. Kila tundu la USB lina anwani yake, na anwani hiyo haitegemei nani kafika kwanza. Ndani ya faili /etc/udev/rules.d/99-mizani.rules niliweka mistari miwili tu:

SUBSYSTEM=="tty", KERNELS=="1-1.3", SYMLINK+="mizani1"
SUBSYSTEM=="tty", KERNELS=="1-1.4", SYMLINK+="mizani2"

Kisha sudo udevadm control --reload, na sudo udevadm trigger. Tangu hapo programu inafungua /dev/mizani1 na /dev/mizani2, na haitaki kujua habari za ttyUSB. Anwani za matundu unazipata kwa udevadm info -a -n /dev/ttyUSB0, ukichomeka kifaa kimoja kimoja. Tahadhari: anwani hizo ni za bodi ile. Raspberry Pi 3 inahesabu matundu yake tofauti na Raspberry Pi 4, kwa hiyo ukihamisha kadi ya kumbukumbu kwenye bodi ya toleo lingine, pima upya kwanza.

Udhaifu wa njia hii ni mkono wa binadamu. Mtu anafuta vumbi, anachomoa waya mbili, anazirudisha kinyume. Kwa hilo karani mmoja alitoa rangi ya kucha kwenye mkoba wake, nyekundu na buluu. Tukapaka tundu, kichwa cha waya, na ubavu wa mizani. Nyekundu kwa nyekundu, buluu kwa buluu. Mimi nilikuwa nimebeba mashine ya kuchapisha lebo kutoka Kitale na sikuitoa hata kwenye begi.

Jambo lingine nililoongeza pande zote mbili, na kwangu hili ni muhimu kuliko kanuni zenyewe: programu isipoiona /dev/mizani1, inakataa kupima. Inaonyesha maandishi makubwa kwenye simu, "Mizani ya kwanza haionekani, angalia waya". Zamani ilikuwa inachukua chochote kilichopo. Makarani walinung'unika kwamba sasa inawachelewesha. Nikawaambia waulize wenzao wa Kitale.

Kabla ya kuondoka Bungoma tulifanya jaribio. Nikachomoa waya zote mbili, nikaanza kuirudisha ya buluu, nikanywa chai nusu kikombe, ndipo nikarudisha nyekundu. Keneli ikampa buluu ttyUSB0, kama nilivyotaka. Tukaweka mtungi wa maji wa kilo 5 juu ya mizani nyekundu. Simu ya karani wa kwanza ikasoma 5.0, ya pili ikasoma 0.0. Tukazima stima ya kituo kizima, tukawasha, tukapima tena. Sawa. Karani wa pili akataka kurudia yeye mwenyewe bila mimi kugusa kitu, akarudia mara tatu.

Kilichobaki ni printa ya risiti, ambayo wanataka iwekwe mbili, moja kwa kila foleni. Printa hizo hazitokei kama ttyUSB, zinatokea kama /dev/usb/lp0 na lp1, na nimeshaanza kuona zinabadilishana. Nikimaliza nazo nitawaandikia.